Mkono wa Udongo Dirishani: Maisha ya Eulalia Treviño Aasgaard, 1957–2025

Yeyote aliyeingia jikoni kwa Eulalia miaka hii ya mwisho, katika nyumba ya kijivu ya Mtaa wa Nne mjini Ransdell, Minnesota, alikiona kigae kile juu ya sinki, kimeegemezwa kwenye kioo cha dirisha. Ni kigae cha udongo wa kuchoma, ukubwa wa sahani ndogo, na juu yake pamegandamizwa kiganja cha kulia cha msichana, vidole vyote vitano vimetanuliwa. Wajukuu walikatazwa kukigusa. Mgeni akiuliza, alijibiwa kwamba kigae ni cha mtu na mwenyewe atakuja. Baada ya hapo Eulalia aligeukia vyombo vyake, na mgeni mwenye akili hakuuliza tena.

Mwenyewe alikuja mwezi huu wa Machi, siku kumi na moja kabla Eulalia hajaaga dunia. Mengi kati ya yanayosomwa hapa leo, familia iliyajua siku hiyo.

Eulalia alizaliwa tarehe 12 Februari 1957 huko Robstown, Texas, mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Baltazar Treviño na Mama Hortensia. Kila mwezi wa Aprili wazazi hao walipakia watoto, magodoro na sufuria kwenye lori, wakasafiri siku nne kwenda kaskazini, Bonde la Mto Red, kupalilia viazi sukari kwenye mashamba ya watu. Eulalia alishika jembe la mpini mfupi akiwa na miaka sita. Mwaka 1964, mwezi wa Oktoba, injini ya lori ilikufa. Theluji ikawakuta bado wako kwenye vibanda vya wafanyakazi nje ya kijiji cha Fosby, na tangu hapo hawakurudi tena kusini. Mama Hortensia alisema hadi uzeeni kwamba wao hawakuhamia Minnesota, ila Minnesota iliwafungia mlango.

Alianza darasa la pili katika shule ya Fosby bila neno hata moja la Kiingereza. Kwenye hesabu alijitahidi kwa kuwa tarakimu alizijua. Somo la muziki ndilo lililomshinda. Mwalimu wake, Bi Engebretsen, aliona mtoto hajui maneno ya nyimbo, akampa chuma cha pembetatu na kijiti cha kugongea, akamsimamisha nyuma kabisa. Agonge akipewa ishara. Eulalia alisimama na chuma chake majira yote ya baridi. Ama ishara haikutolewa, ama ilitolewa asijue kwamba ile ndiyo ishara. Siku ya tamasha mwezi wa Mei alivaa gauni jeupe aliloshonewa na mama yake, akasimama nyuma ya wenzake tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na hakugonga hata mara moja. Mama Hortensia alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Wakiwa njiani kurudi, Mzee Baltazar alimgeukia binti yake.

"Sasa mama, mbona chuma chako hakikulia?"

"Nilikuwa nangoja kuitwa," Eulalia akajibu.

Hadithi hiyo aliisimulia mara nyingi kwa kicheko, na walimu wengi waliopita mikononi mwake wameisikia. Walichokuwa hawakioni ni kwamba kila alipoimaliza aligeuza kichwa kidogo, kama anayesikiliza.

Alihitimu sekondari ya Fosby Juni 1975, akasoma ualimu wa muziki katika chuo kimoja mjini Moorhead, akamaliza mwaka 1981. Ni wa kwanza katika ukoo wa Treviño kupata shahada. Alipokuwa huko ndiko alikokutana na Norman Aasgaard, fundi wa mitambo ya maghala ya nafaka, kijana mrefu asiye na maneno mengi. Norman alikuja kurekebisha mlango wa bweni, akarudi mara tatu kurekebisha mlango ambao haukuwa na kasoro tena. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Agosti 1983 katika kanisa la Fosby. Upande wa bwana harusi ulileta viazi vya kuoka kwa jibini, upande wa bibi harusi ukaleta tamale mia nne, za unga wa mahindi uliofungwa kwa maganda. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ramona mwaka 1984 na Leif mwaka 1988. Norman alitangulia mbele ya haki tarehe 2 Novemba 2016. Eulalia aliacha jaketi lake la kazi msumarini karibu na mlango wa nyuma, na jaketi hilo lipo pale hadi leo.

Alianza kazi katika sekondari ya Ransdell Agosti 1986, kuwafundisha wanafunzi wasiojua Kiingereza. Wakati huo walikuwa Walao, watu wa nchi ya Laos. Wakaja Wameksiko, wakaja Wasomali, wakaja Wakaren kutoka Burma. Kiwanda cha nyama kilipotafuta watu, shule ilipata watoto. Utaratibu ulikuwa kwamba Eulalia huwasaidia kwenye kusoma na hesabu tu. Masomo mengine, yaani kuchora, muziki, michezo, kompyuta na karakana, ilidhaniwa kwamba mtoto atatazama wenzake na kuiga. Mkuu wa shule wa siku hizo alimwambia kuchora hakuna lugha. Eulalia alimwomba aketi dakika arobaini katika darasa la kuchora na kuhesabu maneno. Mkuu aliketi dakika kumi, akatoka, na mwaka uliofuata akamruhusu Eulalia kuingia humo kwa saa mbili kwa wiki.

Hapo ndipo alipojulikana. Alichora kadi za picha akazitundika kwenye kamba kila darasa, hata watoto wa Kisomali wakamwita Mama Kadi. Aligundua msichana mmoja alikuwa akifeli michezo mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba suruali ndefu inaruhusiwa. Kwenye kwaya aliwafundisha wageni mapigo ya wimbo kwa viganja kwanza, maneno yakafuata. Kwenye kompyuta alibandika alama ndogo za rangi juu ya vitufe. Kulikuwa na kocha wa mpira wa kikapu aitwaye Pruitt ambaye mtoto asipomwelewa alirudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Eulalia alimvuta pembeni akamwambia taratibu, "Bwana Pruitt, hawa masikio yao ni mazima." Pruitt ndiye aliyelisimulia jambo hilo, tena mwenyewe akicheka.

Shule ilikuwa na desturi ambayo Eulalia aliianzisha mwaka 1991 pamoja na mwalimu wa kuchora. Kila mwanafunzi mgeni, wiki yake ya kwanza, aligandamiza mkono kwenye udongo na kuandika jina nyuma kwa msumari. Kigae kikishachomwa kilipachikwa ukutani, kwenye korido iendayo ukumbi wa michezo. Hata asiyejua kusema lolote alikuwa na mahali pake ukutani kabla wiki haijaisha. Wengine walikuja na wazazi wao jioni kuwaonyesha mkono ule.

Tarehe 4 Septemba 2007 aligandamiza mkono wake Hsa Mu, msichana wa Kikaren mwenye miaka kumi na mitano, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi mpakani mwa Thailand na Burma. Alikunja mikono kifuani kila alipozungumza na mtu mzima, kama walivyofunzwa kwao, na alimwita Eulalia "Tharamu," yaani mwalimu wa kike. Alichora vizuri. Kwenye kwaya alisimama nyuma, na Eulalia hakumwacha nyuma. Alimvuta mpaka mstari wa kwanza. Muhula wa pili msichana huyo alichagua karakana, kwa sababu alitaka kumjengea mama yake nyumba ya ndege kama zile alizoziona kwenye bustani za watu.

Mwalimu wa karakana, Bwana Dale Rudnik, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wanafunzi ishirini na sita, mashine tano na dakika arobaini na saba. Utaratibu wake ulikuwa kwamba kila mashine ina karatasi ya usalama: mwanafunzi anaelezwa, anaulizwa kama ameelewa, anatia sahihi. Kwa wasiojua Kiingereza, Eulalia naye alitia sahihi kama shahidi. Eulalia aliomba muda wa kuchora kadi za kila mashine, na kweli kazi ilikuwa inachelewa. Siku moja ya Januari Bwana Rudnik alichoka, akasema mbele ya darasa zima, "Mama, hapa siyo kwenye kusoma. Ukiendelea kunichelewesha hivi, nitamwomba mkuu akurudishe kule juu kwenye madarasa yako." Eulalia alikusanya kadi zake.

Msumeno wa umeme wa kukatia mbao ulikuwa na hatua tano. Eulalia alikuwa amechora kadi nne. Ya tano, inayoonyesha kwamba ubao ukikaribia kuisha hausukumwi tena kwa mkono bali kwa kijiti, alikuwa hajaichora. Alhamisi tarehe 21 Februari 2008 Bwana Rudnik alisimama na karatasi mkononi, kalamu tayari, foleni nyuma yake. Eulalia alieleza hatua ya tano kwa maneno. Kisha akamtazama Hsa Mu akamuuliza, "Umeelewa?"

Hsa Mu alikunja mikono kifuani, akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali. Wote wawili wakatia sahihi.

Yapata dakika ishirini baadaye Eulalia alikuwa benchi la mwisho akimsaidia mwanafunzi mwingine kusoma rula. Alikuwa ameuzoea mlio wa msumeno ule kiasi cha kutousikia. Alichosikia ni ulipozimwa. Hakuna aliyepiga kelele, hata Hsa Mu mwenyewe. Watu ishirini na saba walikuwa wamesimama, na karakana ikawa kimya kabisa. Hsa Mu alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati.

Kesho yake ofisi ya elimu iliwaita wahusika mbele ya wakili. Waliambiwa wasiende hospitali, wasipige simu, wasiandike barua, kwa sababu neno lolote la pole lingeweza kutumika kama kukiri kosa. Eulalia aliuliza kama anaweza kupeleka chakula tu na kukiacha mlangoni. Akaambiwa hata chakula hapana. Mwezi wa Aprili familia ile ilihama jimbo, na hakuna aliyeacha anwani. Bwana Rudnik aliiacha karakana mwaka uliofuata na hakuizungumzia tena mpaka alipofariki.

Miaka mingi baadaye Ramona alijaribu kumpa mama yake faraja, akamwambia alizuiwa, angefanya nini. Eulalia alilikataa neno hilo. Alisema, "Sikuzuiwa, mwanangu. Nilitii."

Aliendelea na kazi. Watu wengi walimwona mtulivu kuliko zamani, wakadhani ni umri. Ila kigae cha Hsa Mu kilikuwa usawa wa kifua, karibu kabisa na mlango wa ukumbi wa michezo, na haikuwepo njia nyingine ya kwenda huko. Alikipita mara nne kwa siku, siku mia na themanini kwa mwaka. Vumbi liliingia kwenye mashimo ya vidole, na yeye alilifuta kwa ncha ya leso, akianza na vidole viwili vile. Dukani, kwenye kaunta ya nyama, mashine ya kukatia ilipokuwa ikilia hakujali. Iliponyamaza aliliacha toroli pale pale na kwenda kusimama nje kwenye theluji. Wajukuu walipozaliwa, kila mmoja alivuliwa soksi na glavu akahesabiwa vidole, na hata walipokuwa wakubwa waliona macho ya bibi yao yakipita juu ya mikono yao mezani, kimya kimya, moja mpaka kumi. Walidhani ni mchezo. Walikuwa wakimkunjia kidole kimoja ili wamchokoze, mpaka siku Ramona alipowakataza.

Tangu siku ile hakumuuliza tena mtu yeyote kama ameelewa. Alisema, "Nionyeshe." Norman, ambaye hakuwahi kumwambia aache kufikiria, aliingia gereji majira yote ya baridi ya 2008 akatengeneza kwa mbao mfano wa kila mashine ya karakana, kwa ukubwa wake halisi, bila meno. Mtoto alisimama mbele ya msumeno wa mbao, akasukuma ubao wa mbao, akachukua kijiti mwishoni. Alirudia mpaka mikono ikajua. Eulalia alitembeza mashine hizo kwenye gari la mizigo hadi shule kumi na nne, akiwafundisha walimu wa karakana, wa kompyuta, wa kuogelea, wa ngoma. Kwa miaka kumi na mitatu iliyofuata, katika shule zote hizo, hakuna mgeni hata mmoja aliyeumia kwenye mashine. Alipopewa cheti kwa kazi hiyo mwaka 2017 alishukuru vizuri, akakiweka kwenye droo ya vijiko.

Mwaka 2019 korido ilibomolewa ili kujenga ukumbi mpya. Vigae vilitolewa kwa uangalifu, vikapangwa kwenye maboksi, wenyewe wakaitwa kuchukua. Eulalia aliomba kimoja tu, kwa barua, akisema atamtafuta mwenyewe. Akakileta nyumbani kwenye kiti cha mbele cha gari, amekifunga mkanda. Alistaafu Juni 2021. Hapo ofisi haikuwa na la kumkataza tena, na hapo ndipo familia ilipoelewa kwamba kilichomkwamisha siku hizo hakikuwa wakili. Alianza barua nyingi. Zilikutwa kwenye droo ile ile ya vijiko, zote zimeandikwa "Mpendwa Hsa Mu," na hakuna iliyofika mstari wa tatu.

Oktoba 2024 alianza kulalamika maumivu ya mgongo na kukosa hamu ya kula. Tarehe 29 Oktoba aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Daktari kijana alieleza kwa dakika nyingi, kisha akamuuliza kama ameelewa. Eulalia alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mwanangu, usiniulize hivyo. Nichoree." Daktari alichora kongosho nyuma ya boksi la glavu. Eulalia aliliomba boksi akaenda nalo nyumbani, na alipokuja Leif kutoka Duluth alimweleza ugonjwa wake kwa mchoro huo, hatua kwa hatua, mpaka Leif alipoweza kuurudia.

Mwezi wa Januari kitanda kilihamishiwa sebuleni, mahali ambapo aliweza kuliona dirisha la jikoni. Aliletewa mashine ya kumsaidia kupumua, yenye mlio wa chini usiokatika. Wauguzi walipoizima kubadili kichujio, alifumbua macho hata kama alikuwa usingizini na kuuliza, "Ni nani?" Wakamjibu kwamba hakuna kitu, ni kichujio. Mara ya pili na ya tatu wakamjibu hivyo hivyo. Aliuliza kila mara, kwa sauti ile ile, na macho yake yakihesabu watu waliomo chumbani.

Ndipo Ramona alipochukua kigae bila ruhusa, akapiga picha mbele na nyuma, palipo na jina na tarehe, akaituma kwa kanisa moja la Wakaren mjini Saint Paul akiomba waisambaze. Zilipita wiki nne. Tarehe 27 Februari uliingia ujumbe wa sauti, sauti ya mwanamke mtu mzima: "Huo mkono ni wangu. Tharamu bado yupo?"

Hsa Mu alifika Jumamosi tarehe 8 Machi, saa tano asubuhi, amebeba sufuria ya uji wa mchele na majani ya malenge iliyofungwa kwa taulo. Ana miaka thelathini na miwili sasa. Anafanya kazi katika kiwanda cha mahema huko Iowa, na yeye ndiye anayewafundisha wanawake wapya kutumia cherehani. Alivua viatu mlangoni, akakunja mikono kifuani, mkono wa kulia ndani ya mkono wa sweta. Ramona alitaka kuwaacha peke yao. Eulalia akamwambia akae, kwa sababu hakutaka tena jambo hilo liwe siri.

Eulalia alikuwa amejiandaa. Alisema yote kwa mfululizo, kadi nne, kadi ya tano, karatasi, sahihi. Mwisho akasema, "Nilikuuliza kama umeelewa. Haikuwa haki kukuuliza vile mbele ya watu."

Hsa Mu alisikiliza mpaka mwisho. "Tharamu," akasema, "mimi nilijua kabisa kwamba sijaelewa."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Yule mwalimu alisema atakurudisha kule juu. Nilielewa hilo. Misumeno sikuielewa, lakini mtu akitishwa nilielewa. Nikasema nikikubali haraka watakuacha ubaki na sisi."

Eulalia alifumba macho. Mashine ya kupumulia iliendelea kulia. Baadaye alisema kwa sauti ndogo kwamba kumbe Hsa Mu alikubali kwa ajili yake yeye.

"Usijipe ukubwa, Tharamu," Hsa Mu akamwambia, na kwa mara ya kwanza alicheka. "Nilikuwa na haya pia. Na nyumba ya ndege nilikuwa naitaka."

Kicheko kikaisha. Alisema vidole alishavizoea tangu akiwa na miaka kumi na saba. Kuna siku hata havikumbuki. Kulikuwa na jambo lingine alilokuja kuuliza. Alilazwa siku tisa. Kila siku mama yake alitoka zamu kiwandani, akapika wali na samaki kwa ajili ya mgeni, akauleta wodini umefunikwa, kwa sababu kwao mwanafunzi akiumia mwalimu huja, na mwalimu akija hakai na njaa. Kila jioni chakula kilirudi nyumbani.

"Mbona hukuja?"

Ramona anasema aliona uso wa mama yake ukibadilika kama mtu aliyebisha hodi mlangoni miaka kumi na saba na kugundua kwamba haukuwa mlango wenyewe. Kila siku alikuwa akiilaumu sahihi ile. Kumbe huyu mwenziwe hakuwa na habari na sahihi.

"Niliambiwa nisije," Eulalia alisema. "Nikatii."

"Mimi nilidhani umekasirika kwa kuwa nilikudanganya. Nikadhani wamekufukuza kazi kwa ajili yangu. Tulipohama nilimwambia mama, hata tusiage, Tharamu hataki kutuona."

Eulalia akanyoosha mkono wake mkavu juu ya blanketi na kusema lile neno lake.

"Nionyeshe."

Hsa Mu alivuta mkono wa sweta. Eulalia aliupokea mkono ule kwa mikono yake miwili, akaupapasa vidole vitatu na mahali pa viwili, polepole, bila kuhesabu. Akamwomba Ramona alete kigae. Alitaka kukirudisha, hilo ndilo lililokuwa limebaki. Hsa Mu alikitazama mbele, akakigeuza akasoma jina lake lililochorwa kwa msumari, akakirudisha kifuani pa Eulalia.

"Mimi mkono wangu ninao," akasema. "Huo umekaa na wewe miaka yote. Ni wako."

Eulalia alikula vijiko vinne vya uji wa malenge siku hiyo, na ndicho chakula cha mwisho alichokiomba mwenyewe. Hsa Mu alipoondoka, Ramona alimuuliza mama yake kama sasa amepata nafuu moyoni. Alifikiri sana, akajibu kwamba hapana, bado anamwona yule mama akipika. Lakini akasema ni afadhali kujua nani alikuwa anakungoja.

Wauguzi waliendelea kubadili kichujio, na Eulalia aliendelea kuuliza ni nani. Asubuhi ya Jumatano tarehe 19 Machi 2025, saa moja na dakika ishirini, wanawe wote wawili wakiwa kando yake, muuguzi aliizima mashine abadili kichujio. Sebule ikawa kimya. Watu wote wakamtazama, wakingoja aulize. Hakuuliza.

Ameacha watoto wake Ramona na Leif, mkwe wake Teodoro, wajukuu Ingrid, Baltazar na Odalys, ndugu zake Refugio, Amparo na Ezequiel, shemeji zake wa ukoo wa Aasgaard, na wanafunzi wa miaka thelathini na mitano ambao wengi wao wako hapa leo, waliosimama nyuma wanaombwa kusogea mbele, viti vipo. Ameacha pia mashine tano za mbao kwenye gereji, na shule yoyote inayozihitaji izifuate.

Kigae kitaingia naye kaburini, kwa ombi lake. Atakayekiweka ni Hsa Mu, aliyefika jana jioni pamoja na mama yake. Mama huyo amepika wali na samaki tangu alfajiri, na baada ya mazishi kila mtu anakaribishwa ukumbini kula kilichoandaliwa kwa ajili ya mwalimu.

Basi Tharamu apumzike. Amekwisha kuitwa, na mikono yake itulie.